Bustani na Tanuri Katika Nchi ya Molo

Mwanafunzi wa Molo asomapo vitabu vya Kiingereza hukutana mara kwa mara na habari za majira ya joto: watoto wanachuma stroberi, mama anatoa keki tanurini, na mezani pamewekwa minji mibichi pamoja na karoti zilizong'olewa asubuhi ile ile. Mwanafunzi huyo huinua macho akatazama dirishani. Ikiwa ni Julai, mwezi ambao kitabu kinausifu kwa jua lake, yeye huona ukungu umelala juu ya mabati, na mwalimu wake amejifunga koti zito hadi shingoni. Molo iko juu ya bahari kwa kadiri ya futi 8,000, nayo iko karibu sana na Ikweta. Haijui majira ya joto. Inajua mvua ndefu, inajua baridi ya Juni hadi Agosti, na inajua kiangazi cha Januari na Februari, ambapo jua la mchana huchoma ngozi, na usiku jalidi, yaani umande ulioganda, huunguza majani ya viazi yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto.

Hata hivyo, karibu vyakula vyote vya kitabuni vipo hapa. Apitaye katika barabara zetu huwaona akina mama wameketi kando ya njia, na mbele yao marundo ya kabichi, viazi, karoti na minji. Ifikapo Desemba huongezwa plamu na peasi. Tena katika nyumba nyingi, hasa siku za sikukuu, harufu ya mkate au keki hutoka katika jiko la makaa. Hakuna hata kimoja katika vyakula hivi kilichokuwa kikilimwa Molo miaka 130 iliyopita. Nani alivileta, nani alivilima, na nani alikatazwa kuvilima, ndiyo historia nitakayoisimulia. Ninamwomba msomaji aangalie jambo moja tu njiani: ni nani aliyepanda mboga za miezi mitatu, na ni nani aliyepanda mti.

Hapo kale msitu wa Mau ulikuwa makao ya Waogieki, watu wa asali na mawindo, nao Wamaasai walichunga ng'ombe katika nyanda zilizo chini yake. Mboga zilikuwako, ila ziliota zenyewe: mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu, na thabai, jani liwashalo mkono wa mchumaji lakini likitiwa katika maji ya moto hupoteza ukali wake wote. Mwaka wa 1904 Serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na wakuu wa Wamaasai, na kwa mapatano hayo wakahamishwa kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa. Wengine walipelekwa kusini, wengine Laikipia. Nao hawa wa Laikipia waliondolewa tena baada ya mapatano ya pili ya mwaka wa 1911. Nchi iliyoachwa iliitwa tupu. Haikuwa tupu, ilikuwa imetolewa wenyewe.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha pita. Ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nakuru mwaka wa 1900, ikapanda mlima wa Mau kupitia Njoro na Molo, ikafikia kilele chake cha futi zaidi ya 8,300 karibu na Mau Summit, kisha ikateremka hadi ziwani mwishoni mwa 1901. Wahindi zaidi ya 30,000 waliajiriwa kuijenga, na kwa njia yao chapati ilipanda kutoka pwani hadi bara. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa wako wadhanio kwamba unga wa ngano na kazi ya kuoka vililetwa Afrika ya Mashariki na Wazungu. Watu wa Lamu na pwani yote walikuwa wakioka mkate wa mofa katika tanuri za udongo tangu zamani sana. Wazungu walileta mkate wao wenyewe, nao ulipofika ulikuta mikate mingine.

Mkate wa Kizungu hauwezekani pasipo ngano nyingi, na ngano ilikuwa taabu. Lord Delamere, mlowezi mashuhuri kuliko wote, alikodishiwa na Serikali eka 100,000 huko Njoro, chini kidogo ya Molo. Kondoo wake walikufa kwa kuwa udongo ule, ambao ulionekana mzuri kwa macho, ulikosa madini yanayohitajiwa na mnyama. Ng'ombe wake waliuawa na magonjwa. Ndipo akageukia ngano, nayo ikashikwa na kutu, ule ugonjwa ufunikao bua kwa unga mwekundu na kuliacha suke tupu. Delamere alitumia mali nyingi kumlipa mtaalamu achanganye mbegu mpaka ipatikane ngano iwezayo kushindana na kutu. Mwaka wa 1908 kampuni ya kusaga ngano ilianzishwa. Katika lugha zote ambazo waanzilishi wake wangaliweza kuchagua, walichukua neno la Kiswahili, wakaiita Unga Limited. Mwaka wa 1927 Serikali ilifungua huko Njoro kituo cha kuzalisha mbegu za ngano. Kazi yake haijaisha, kwani kutu nayo hujizalisha: aina kali iliyogunduliwa Uganda mwaka wa 1998, na kupewa jina la Ug99, imefanya ngano ya nchi nyingi za dunia iletwe Njoro kujaribiwa.

Sasa tuingie bustanini. Mlowezi alipokwisha kujenga nyumba Molo au Njoro, upesi sana mkewe alianza bustani ya mboga nyuma ya jikoni. Baridi iliyowatesa ng'ombe na mahindi ilizifaa mbegu za Ulaya. Kabichi zilifunga vichwa vikubwa, minji zilizaa sana, karoti zikawa tamu. Nyuma ya mboga walipanda miti: plamu, peasi na tofaa. Nellie Grant, mama yake mwandishi Elspeth Huxley, alilima Njoro kwa zaidi ya miaka 40, akijaribu zao hili na lile kwa moyo usiochoka, hata mwaka wa 1965 alipouaga ukulima wake na kuhamia Ureno. Barua zake kwa bintiye zilichapishwa kitabu, nazo zimejaa habari za mbegu na miche.

Jikoni palikuwa na jiko la chuma la kuni, na mbele yake alisimama mpishi. Aghalabu mpishi huyo alikuwa mwanamume Mwafrika, ambaye nyumbani kwao mwanamume hakupika. Alifundishwa kwa amri na kwa kuonyeshwa: kukanda, kuumua, kupima moto kwa mkono uliotiwa tanurini kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Ilimpasa pia kujifunza mambo ambayo vitabu vya bibi havikuyaeleza, kwa sababu viliandikiwa Uingereza. Katika kimo cha Molo hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifikia joto la nyuzi 92 hivi badala ya 100. Kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva, viazi hukaa motoni zaidi, na unga uliotiwa hamira huumuka upesi kuliko kitabu kisemavyo, hata ukiachwa dakika chache zaidi hubwaga. Mpishi aliyejua kukiamini kidole chake kuliko saa ndiye aliyefaulu. Maneno ya kazi yake yameingia katika lugha yetu yakakaa: keki, biskuti, jamu, skonzi.

Lakini ni nani aliyelima bustani ile, na nani aliyeivuna ngano? Hapa historia yetu yafikia kiini chake.

Walowezi walipewa ardhi kubwa kuliko nguvu zao za kuilima. Waliwakaribisha Waafrika, wengi wao Wakikuyu waliotoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, pamoja na Wakipsigis, Wananди na wengine, waje wakae mashambani. Mtu alipewa mahali pa kujenga, akaruhusiwa kulima kipande na kulisha mbuzi wake. Naye kwa malipo alifanya kazi ya bwana. Watu hao ndio walioitwa maskwota. Miaka ya kwanza wengi walistawi. Walilima mahindi, maharagwe na viazi kuliko walivyokula, wakauza ziada, na mifugo yao ikaongezeka. Walikuwako walowezi wasiolima kabisa, ambao waliishi kwa kuchukua sehemu ya mavuno ya maskwota wao. Jambo hilo liliwaudhi walowezi wenzao. Mwafrika aliyeshiba kutokana na bustani yake mwenyewe hakuwa na haraka ya kwenda kazini kwa mshahara mdogo.

Ndipo sheria zikaja. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na ikamnyima haki ya kuwa mpangaji alipaye kodi kwa fedha: alikuwa mtumishi, basi. Sheria ya mwaka wa 1937, iliyoanza kutumika mwaka wa 1940, ilitia uwezo mikononi mwa mabaraza ya wilaya, ambayo yalikuwa ya walowezi wenyewe. Mabaraza hayo yalipewa mamlaka ya kupanga skwota alime eka ngapi, afuge wanyama wangapi, na afanye kazi siku ngapi. Siku zikapandishwa kufikia 240, na penginepo 270. Eka zikapunguzwa, mifugo ikaondolewa. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, aliyeandika juu ya maskwota mwaka wa 1987, ameonyesha jinsi watu waliokuwa na mali kidogo walivyofanywa vibarua katika muda wa kizazi kimoja. Vita vya Pili vya Dunia viliongeza mambo, kwa sababu pareto na maziwa vilikuwa na bei nzuri, na kila mlowezi alitaka kipande kile alichokuwa amemwachia skwota.

Mwaka wa 1941 bustani ya skwota ilipatwa na adui mwingine. Ugonjwa wa kuoza majani ya viazi, ule ule ulioanzisha njaa kubwa ya Ireland mwaka wa 1845, uliingia Kenya. Viazi vilivyoonekana salama jioni vilikuwa vyeusi baada ya siku chache za ukungu, na Molo haina upungufu wa ukungu.

Upande wa msituni palikuwa na mpango mwingine, ambao kwangu ni wa kustaajabisha kuliko yote. Tangu miaka ya 1910 Idara ya Misitu iliwapa wafanyakazi wake vipande vya kulima mahali miti ya asili ilipokatwa. Katikati ya viazi na kabichi zao walipanda miche ya misanduku na misonobari ya Serikali. Kila walipopalilia mboga waliipalilia na miti. Baada ya miaka mitatu hivi miti ilirefuka, kivuli kikaua mboga, na mkulima akahamishiwa kipande kingine akaanze upya. Hao ndio waliopanda miti kwa maelfu, wala hapakuwa na mmoja uliokuwa wao.

Nyanyangu alizaliwa mwaka wa 1938 katika shamba mojawapo la Molo. Baba yake alikuwa mpishi, na mama yake alilima kipande cha eka mbili, ambacho baadaye kilipunguzwa kikawa eka moja. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba siku moja baba yake aliokota miche miwili ya peasi iliyotupwa katika bustani ya bwana, akaipanda mbele ya nyumba yake. Haikumaliza wiki. Aliagizwa aing'oe kwa mkono wake mwenyewe, akaambiwa kwamba viazi apande apendavyo, kwa maana viazi vikichimbwa mahali hubaki kama palivyokuwa, bali apandaye mti anadai ardhi. Nyanyangu alikuwa na miaka minane. Alisema baba yake hakukasirika wala hakujibu neno. Siku ya pili alikwenda kazini akaoka mkate kama kawaida.

Si mbali na hapo, huko Olenguruone katika msitu wa Mau, Serikali ilikuwa imefungua makazi mwaka wa 1941 kwa familia zilizoondolewa mahali pengine. Wao waliamini kwamba wamepewa ardhi iwe yao. Serikali ilisema ni wapangaji, ikatoa masharti juu ya namna ya kuilima. Wakakataa kutia sahihi. Walikula kiapo cha umoja, wanaume na wanawake pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwishowe nyumba zao zilichomwa, mazao yakaharibiwa, na kufikia mwaka wa 1950 walikuwa wamefukuzwa. Wengi walipelekwa Yatta, nchi kavu ambayo kabichi haioti. Wataalamu wengi wa historia waona katika kiapo cha Olenguruone mojawapo ya chemchemi za vita vya Mau Mau.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya maskwota Wakikuyu waliondolewa mashambani wakarudishwa katika wilaya ambazo wengine hawakupata kuziona. Nyanyangu alipandishwa lori mwaka wa 1953. Walikuta ardhi ya jamaa imejaa watu, na kijiji kimezungushiwa handaki. Katika mwaka wa 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilikuwa kimeanzishwa chini ya uangalizi wa Serikali. Wanawake walifundishwa kushona, kulea watoto, kupika na kuoka. Wako waliokisifu, na wako waliosema kwamba Serikali ilitaka akina mama washughulikie keki wasishughulikie ukombozi. Naona maneno yote mawili yana kweli. Lakini nyanyangu alipohudhuria somo la kuoka alicheka moyoni, maana mwalimu alihitaji jiko la chuma, na yeye alikwisha kujua kuoka bila jiko hilo.

Baba yake alikuwa amemfundisha. Wapishi walirudi kwao jioni na elimu yao, wala hakuna sheria iliyoweza kuwazuia. Walitengeneza tanuri kwa debe la mafuta ya taa lililolazwa ubavu na kuzungushiwa moto. Au walitia mchanga katika sufuria kubwa, wakaweka ndani yake sufuria ndogo yenye unga uliokandwa, wakafunika, kisha wakapalia makaa juu ya kifuniko. Kiswahili kina neno hilo tangu zamani, kwa kuwa watu wa pwani hupalia wali. Tena ni neno la shambani: mkulima naye hupalia viazi, akipandisha udongo juu ya shina. Mpishi na mkulima wa Molo hufanya kazi moja kwa neno moja, mmoja kwa makaa, mwingine kwa udongo.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Walowezi wengi waliuza, na mashamba yakagawanywa na Serikali au yakanunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi waliochanga fedha zao kidogo kidogo. Nyanyangu na mumewe walirudi Molo mwaka wa 1966 wakiwa na hisa moja. Chuo cha Egerton huko Njoro, kilichofunguliwa mwaka wa 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu, sasa kilifundisha Waafrika ukulima. Viazi na kabichi za Molo zilianza kujaza malori yaendayo Nakuru na Nairobi. Hata leo Shirika la Maendeleo ya Kilimo lazalisha Molo mbegu safi za viazi, na mkulima mdogo hupenda aina iitwayo Shangi, kwa sababu hukomaa upesi na huiva upesi, jambo ambalo mwenye kupika katika kimo hiki hulithamini. Katika vipande vingi viliyogawanywa palikuwa na miti mizee ya peasi imesimama kwa mistari bila nyumba yo yote karibu. Ukiiona mistari hiyo, ujue hapo palikuwa na bustani ya mlowezi.

Ningependa kuishia hapo, lakini ardhi ya Molo haikutulia. Mwaka wa 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani alimfukuza jirani, na nyumba nyingi zilichomwa. Waliotoroka walikuwa wa makabila mbalimbali, na watoto wa pande zote walilala katika mahema. Mimi nilikuwa kijana wa shule wakati huo wa pili. Nyanyangu alirejea kwake katikati ya mwaka wa 2009. Nyumba haikuwako, na miti ya peasi ilikuwa imekatwa kwa shoka. Alipanda viazi na kabichi, msimu baada ya msimu. Nilipomwuliza kwa nini hapandi miti, aliniambia kwamba bado anasikiliza. Majirani zake nao walipanda viazi. Ukipita njiani wakati huo uliona viazi na kabichi pande zote mbili, na miti michache sana.

Mwaka wa 2012 alipanda miche miwili ya peasi mbele ya mlango. Mmoja alipewa na mwanamke wa ng'ambo ya mto, ambaye hawakusemezana kwa miaka minne. Miti hiyo ilizaa mara ya kwanza Januari 2018: peasi sita kwa yote. Nyanyangu, akiwa na miaka 80, alizikata vipande vyembamba, akavipanga juu ya unga katika sufuria ndogo, akafunika, akapalia makaa. Keki iliungua kidogo upande mmoja. Kipande kimoja kilifungwa kwa kitambaa, nami nikatumwa nikipeleke ng'ambo ya mto kabla hakijapoa.